Shimo Linakula

Watu walimwita Mzee Shimo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchimba na kuzibua mashimo ya vyoo. Wakikutana naye njiani huziba pua. Choo kikijaa humwita "baba". Sasa mambo yamegeuka. Tangu kikohozi kimwache, tumbo linamwendesha, koleo limelala, na wateja wameanza kuita fundi mwingine.

"Nipe dawa kali," alimwambia muuguzi wa zahanati. "Hizi zenu ni maji."

"Ulimeza nini, mzee wangu?"

Akataja. Vidonge vya kikohozi. Alipoona vinachelewa, akaongeza vile vya rangi mbili alivyoacha marehemu mkewe, kwenye kibakuli kando ya kitanda. Kuvitupa alishindwa. Kuvitazama alishindwa. Akavimeza.

Muuguzi akashusha pumzi. "Tumboni mna vijidudu vyema, mzee. Vinasaga chakula, vinausaidia mwili kupigana na maradhi. Dawa zile hazichagui. Umefagia askari pamoja na wezi."

"Vijidudu vyema!" Mzee akacheka kwa hasira. "Na mimi nyumbani nina panya mwema."

Binti yake, aliyekuwa amemshika mkono njia nzima, akamgeukia. "Baba, yule mama wa nyumba ya kona ulimfokeaje?"

"Yupi?"

"Aliyekuwa akimwaga dawa ya sakafu chooni kila siku, shimo likajaa upesi."

Mzee akakumbuka. Alimwambia: Mama, shimo linakula. Ukiua vinavyokula humo, uchafu utakaa tu ukikutazama.

"Kwa hiyo mimi ni choo?"

"Mimi sijasema, Baba."

Muuguzi akatazama dirishani, mabega yakimcheza.

Hakupewa kidonge hata kimoja. Aache vile vyote, anywe maji ya chumvi na sukari, alete choo kipimwe, na awe na subira. Subira! Amwambie nani, tumbo?

Nyumbani alikibeba kibakuli hadi chooni, meno ameyauma. Vilikuwa vimebaki vidonge vichache. Akakiinamisha juu ya tundu. Mkono ukagoma. Shimo nalo limemkosea nini?

Akatoka, akamkabidhi binti.

"Virudishe zahanati. Kibakuli niletee."

"Sawa, Baba."

"Kibakuli usikisahau."

Alitaka kusema zaidi, lakini tumbo likaunguruma, akarudi mbio alikotoka.