Nilivyoosha Motokari Nyeupe ya Kasereka

Kama munataka kunicheka muanze sasa, juu nikifika katikati sitasimama kungojea mutu apanguse machozi. Ni mimi mwenyewe, mama ya misa ya asubuhi, mimi mwenye nakaripia bibi za batoto wangu juu ya sufuria yenye masizi, ni mimi niligawaga zawadi za bakwe mu soko ya Beu kule Beni, mbele ya musoda na bunduki yake, na uso mukavu kama mutu mwenye ametumwa kutoka Ulaya.

Mambo ilianzia ku motokari. Mutoto wangu Kasereka alikuwa na motokari nyeupe kama unga ya muhogo, na alikuwa anaipenda kuliko bibi yake (bibi yake anajua, hakatai). Mais ilikuwa wakati ya vita, na wakati ile kila mwenye bunduki alikuwa anajiita mukombozi. Balikomboa mbuzi, balikomboa televizyo, balikomboa kila motokari yenye kung'aa mu Butembo. Bantu tu njo hawakukombolewaga. Donc Kasereka akafanya kama benye motokari bengine: akachanganya udongo na mavi ya ngombe, akaipakaa toka juu mpaka chini, kama vile tunakandika nyumba, akaacha vioo tu. Ukiiona inapita unasema ni kichuguu yenye kuendeshwa. Na hakuna musoda mwenye anakomboa kichuguu.

Mimi ile uchafu ilinichoma roho. Nilinyamaza mpaka siku ya kupeleka mahari ya mujukuu wangu Mumbere, mutoto ya Kasereka. Alikuwa amepata muchumba kule Beni, ku Beu, binti mumoja muzuri anaitwa Kavira. Mbuzi zilitangulia na lori pamoja na Mumbere na baba zake badogo. Mimi na Kasereka tukafuata na zawadi mu kofre ya nyuma ya motokari: mablanketi, sabuni ya miti (ile mirefu ya kukata), chumvi, masufuria, jembe, na bidoni ya kasikisi, ile pombe yetu ya ndizi. Mais kubwa kuliko yote ilikuwa blanketi ya mama ya binti. Kwetu, koko ya kijana, mama ya baba yake, njo mimi, anapaswa kumufunika ile mama ku mabega kwa mukono yake mwenyewe, na mbele ya ile kufanyika hakuna mutu anafungua kinywa juu ya mbuzi. Blanketi haiko, harusi haiko.

Njiani tairi ikatoboka. Kasereka akabeba gurudumu ku kinga, baiskeli ya mupita-njia mumoja, akaenda kutafuta fundi, akaniacha karibu na kijito. Mutu mwenye akili angelala. Mimi nikaiangalia ile motokari, nikasema: nitashuka mbele ya bakwe kutoka mu mavi ya ngombe? Nikavua viatu.

Na niliosha muzuri, hata leo sikatai. Kuosha rangi nyeupe si kusugua sufuria. Ukitia majivu ao muchanga umeikwangura, na haitarudi tena. Nililowanisha ule udongo kwanza mpaka ukatoka wenyewe, nikaanzia juu nikishuka, na kitambaa laini, na maji mingi, na muti moja ya sabuni ya bakwe (ilikuwa mingi, hawangejua), kisha nikapangusa haraka, juu jua ikikausha yenyewe inaacha madoa, na mwisho nikaipakaa mafuta yangu ya uso. Iling'aa! Nilijiona mu mulango, nikatengeneza kitambaa ya kichwa.

Kasereka akarudi. Akaangusha gurudumu chini.

“Mama, umefanya nini?”

“Nimekuoshea.”

“Umetuua! Unajua mbele yetu kuna nini?”

“Kuna bakwe.”

“Kuna bariyeri ya basoda, mama! Bariyeri!”

Udongo ya kupakaa upya ilikuwa pale pale, mais mimi nikaingia na nikafunga mulango, nikasema sipandi tena mu kichuguu. Tukaenda.

Ku bariyeri ya kuingia Beni, musoda mumoja murefu, miwani nyeusi, akaizunguka ile motokari polepole na akaipitisha kidole, kama mutu mwenye anachagua ngombe ku soko. Kasereka alikuwa analowana na jasho. Hata hajatuuliza kitu, ile musoda akajijibia mwenyewe:

“Aah, bantu ya musaada! Humanitaire, si ndiyo?”

Juu wakati ile, motokari nyeupe na safi ilikuwa ya bale tu. Bengine sisi bote tulikuwa mu vichuguu. Nilipaswa kusema hapana. Badala ya kusema hapana nikainua mukono polepole, kama askofu. (Nani aliniambia niinue? Hakuna. Ilipanda yenyewe.)

“Karibu, mama! Bakimbizi banawangojea toka zamani. Nitawasindikiza.”

Na akapanda! Akakaa nyuma, bunduki katikati ya magoti, akatupeleka sawasawa mu soko ya Beu, akashuka wa kwanza na makelele: “Musaada imefika! Mupange laini!”

Bale bantu balikuwa bametoka upande ya Oicha, batoto ku mugongo, mikeka ku kichwa. Bale sitabacheka. Balipanga laini bila makelele, na musoda akafungua kofre. Akaona mablanketi. Akaona sabuni, chumvi, masufuria. Akatingisha kichwa, ameshiba furaha.

“Njo bitu ya musaada yenyewe.”

Na ni kweli! Mimi sikujuaga kama zawadi za bakwe na bitu ya bazungu ni ndugu moja.

Kasereka akanikaribia ku sikio. “Ukisema ni mahari, motokari inakombolewa hapa hapa. Gawa, mama.”

“Na harusi ya mutoto wako?”

“Gawa!”

Nikagawa. Mwanzo niligawa na hasira, kisha, Mungu anisamehe, nikaanza kuzoea. “Wewe, usisukume! Na wewe umeshapata, ile pua nimeiona.” Blanketi ya mama niliikalia, mais musoda akaiona. “Mama, unasahau hii.” Akaivuta chini yangu, akanitilia mu mikono. Mbele yangu kulikuwa mama mumoja munene, kikwembe imefunika uso mpaka ku macho, kichwa chini. Nikamufunika ku mabega. Akaondoka mbio, bila hata aksanti. Kasikisi, ile musoda alibaki nayo. Alisema lazima aipime kama si dawa yenye imeoza.

Tukafika kwa bakwe na kofre tupu, musafi kuliko motokari. Mbuzi zilikuwa zinalia mu uwanja ya parsele, bazee bamekaa, Mumbere amekaa pembeni ya ukuta kama mutu ya kushitakiwa. Baba ya Kavira, muzee mwenye sauti ya mahubiri, akanisalimia:

“Karibu, koko. Motokari yenu inatuumiza macho! Sasa, blanketi ya mama iko wapi, tuanze?”

Mumbere akaniangalia. Ile macho yake mpaka leo sijaisahau.

Hapo mulango ya nyumba ikafunguka, mama ya Kavira akatoka. Mama munene, mama mwenye duka yake mwenyewe. Na ku mabega, kwa kuonyesha bakwe kama kwake hakuna umaskini, alikuwa amevaa blanketi yangu.

Akasimama. Tukaangaliana. Mimi nikamujua, yeye akanijua. Mwenye duka, alikimbia kupanga laini na bakimbizi, na kikwembe ku uso! Na yeye ku roho yake alikuwa anasema: kumbe koko ya mukwe wangu njo ile mama ya humanitaire?

“Nimeuliza blanketi,” muzee akarudilia.

“Nimeshafunikwa,” mama ya Kavira akasema.

“Na nani? Wapi?”

“Na koko mwenyewe. Tulikutana ku njia. Hakuweza kungojea, juu ya upendo.”

Muzee akanigeukia. “Ni kweli, koko?”

“Kwa mukono yangu mwenyewe,” nikasema. Na haikuwa uongo.

Bazee bakanong'onezana, bakatutoza mbuzi ingine juu ya kufunika mama ku njia kama mutu mwenye anafunika muhogo, kisha bakaanza mambo ya harusi. Mumbere akapumua mpaka nikamusikia.

Mbele ya kurudi, nikapita nyuma ya nyumba na kikwembe yangu ya misa, nikachota udongo ya mvua pamoja na mavi ya mbuzi zetu wenyewe, nikaanza kukandika ile motokari. Nikasikia mutu upande ingine. Ilikuwa mama ya Kavira, udongo mpaka ku viwiko, anakandika mulango. Alipofika karibu na mimi, akaniambia chini chini:

“Koko, siku ingine mukileta musaada, mulete na mawese.”

Leo Mumbere na Kavira bako na batoto, na kila Noeli ile mama anakuja kunitembelea Butembo, blanketi ku mabega hata jua ikiwaka, kusudi tu. Na mimi toka ile siku nikikuta kitu nyeupe yenye kupakaliwa uchafu, nauliza kwanza nani aliipakaa na alikuwa anaogopa nani. Na ile mukono yangu ya askofu, nikifika mbele ya bariyeri, naikalia.