Tecla na Watoto Waliohesabiwa Mara Mbili

Tecla Shibuda alipoomba siku mbili za kukagua orodha ya chanjo, mkuu wake alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Aliona tu kwamba binti huyu anajichosha bure.

"Tecla, faili limeshapitishwa," alisema Aristides kwenye simu, akiwa Ngara. "Alhamisi tunapanga timu za kuzunguka vijijini. Unatafuta nini tena?"

"Mkuu, kuna kitu hakijakaa sawa. Nikikutajia kwa simu hutaniamini. Nipe hizo siku mbili."

Wakati huo Tecla alikuwa na miaka ishirini na sita. Alizaliwa Nyakahura, katika familia ya Kisukuma iliyohamia na mifugo kutoka Shinyanga kabla yeye hajazaliwa. Alisomea utunzaji wa kumbukumbu za afya, akapata cheti, kisha akachukuliwa na mradi mdogo uliokuwa ukisaidia zahanati za Ngara na Biharamulo kukusanya majina ya watoto waliopata chanjo ya surua na wale ambao bado. Kazi yake ilikuwa kukaa na kompyuta kwenye chumba kimoja cha kupanga pale Biharamulo mjini. Wenzake waliokuwa wakienda vijijini walimwita "mama wa mezani", na lile jina lilimuuma kidogo.

Faili lenyewe lilikuwa la watu wote. Kila zahanati iliingiza majina yake kwenye jedwali moja, na mtu yeyote wa mradi angeweza kulifungua. Lilikuwa na majina elfu moja mia nane na sitini. Kwa kata ya Nyarubungo, lilionyesha kwamba kati ya watoto mia mbili na kumi na wawili waliopatikana kwenye hesabu ya nyumba kwa nyumba, mia mbili na saba wameshachanjwa. Kwa hiyo Nyarubungo haikuwekwa kwenye ratiba ya timu.

Kilichomshtua Tecla ni msichana mmoja aitwaye Melania. Aliliona jina lake asubuhi. Saa moja baadaye akakutana na Merania. Mama ni yuleyule, tarehe ya kuzaliwa ni ileile, namba ya simu ni ileile, ila moja ilianza na sifuri na nyingine sifuri yake ilikuwa imeliwa na kompyuta. Mmoja aliandikwa anatoka Nyarubungo, mwingine Nyalubungo.

Tecla aliacha kuandika. Huku kwetu mtu akisema "r", mwenzake anasikia "l", na hakuna anayemlaumu mwingine. Lakini kompyuta haijui hayo. Kwake hao walikuwa watoto wawili.

Akaanza kutafuta. Akampata Gloria na Groria. Akampata Erasto na Elasto. Kisha akahamia kwenye tarehe, akaona balaa jingine: mtoto aliyezaliwa tarehe 11 Februari alisomeka amezaliwa tarehe 2 Novemba, kwa sababu kompyuta moja ilitanguliza siku na nyingine mwezi. Mtoto huyo alionekana mdogo kwa miezi tisa kuliko alivyo, hivyo hakuna aliyemwita kwenye dozi ya pili. Na ile safu ya kuuliza kama amechanjwa ilikuwa na majibu ya kila namna: ndiyo, ndio, N, tayari, na pengine palikuwa patupu kabisa.

Aristides alimpa siku zake mbili. Tecla hakutaka kufuta jina hata moja kwa kukisia, kwa hiyo kesho yake asubuhi alipanda bodaboda kwenda zahanati ya Nyarubungo, akamkuta muuguzi, Rozalia, mama mtu mzima aliyekuwa amemaliza kupima watoto uzito.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Umetoka mjini? Wa mjini huwa mnapiga simu tu."

"Nimekuja kuona daftari lako la kliniki. Nataka tulinganishe na hili la kwenye kompyuta, jina kwa jina."

Rozalia akavuta kiti. "Hakuna aliyewahi kuniomba hivyo," alisema. "Kaa."

Walikaa mpaka saa tisa alasiri. Rozalia alisoma kwa sauti, Tecla akatafuta. Walipofika mwisho, Tecla alihesabu mara tatu ili asijidanganye. Watoto arobaini na mmoja walikuwa wameandikwa mara mbili. Waliochanjwa kweli walikuwa mia moja sitini na sita. Waliobaki hawakuwa watano. Walikuwa arobaini na sita.

Rozalia alishika shavu. "Wengi wao ni wa ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nasema mbona siwaoni, nikaambiwa kata yako imekamilika. Nikadhani nimezeeka, nasahau nyuso."

"Hujasahau, sista. Ulikuwa sahihi."

Siku ya Alhamisi Tecla alisafiri hadi Ngara na karatasi mkononi. Kikaoni kulikuwa na watu kumi na wanne, wengi wakubwa kwake kwa umri na kwa cheo. Akaonyesha Melania na Merania ukutani. Mtu mmoja akacheka. Akaonyesha wa pili, wa tatu, wa kumi. Kicheko kikaisha. Alipotaja arobaini na sita, Aristides aliinuka.

"Mimi ndiye niliyelipitisha faili hili," alisema mbele ya wote. "Niliitazama jumla, sikuwatazama watoto. Tecla, timu ya kwanza itaanzia Nyarubungo. Na wewe utaenda nayo."

Jumamosi meza iliwekwa nje ya kanisa dogo ng'ambo ya bonde. Mama mmoja aitwaye Recho alifika na watoto wake pacha, mmoja mgongoni, mwingine mkononi. "Tulisikia huku tumeshamaliza," alisema, "nikasema labda wangu hawahesabiwi." Tecla alichukua kadi zao, akaandika majina polepole, akamgeuzia Recho aone. "Ndivyo yanavyoandikwa?" Recho akatikisa kichwa kukubali. Hadi jua linaelekea kuzama, watoto arobaini na watatu walikuwa wamechanjwa. Watatu waliobaki walikuwa wamesafiri na wazazi wao; Rozalia aliwapata wiki iliyofuata.

Wiki tatu baadaye surua ililipuka katika vijiji vya jirani. Ng'ambo ya bonde hakuugua mtoto hata mmoja.

Mradi ulimpa Tecla kazi ya kukagua faili zote kabla hazijatumika, na akaandika ukurasa mmoja wa maelekezo ambao zahanati zinautumia hadi leo: mwezi uandikwe kwa herufi, na mama aonyeshwe jina kabla halijahifadhiwa.

Sikukuu ilipofika alienda Nyakahura. Baba yake, mzee Shibuda, hakusoma shule, ila alitaka kuliona hilo faili ambalo watu walikuwa wakimsimulia sokoni. Tecla akafungua kompyuta juu ya magoti, akamwonyesha mstari wa juu kabisa: Limekaguliwa na Tecla Shibuda.

"Shibuda ni ipi hapo?"

Akamwonyesha kwa kidole. Mzee akainama karibu na kioo, akalifuatisha jina herufi kwa herufi bila kuligusa. Kisha akageukia jikoni na kumwita mkewe kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

"Nshoma! Acha sufuria, njoo uone. Tumeandikwa!"