Pointi za Mwenye Duka

Nilihamishiwa Kibiti kufundisha sekondari, mtu wa bara nisiyemjua yeyote, na jioni zangu nyingi ziliishia kwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Mwenye duka alikuwa Mndengereko wa makamo, mwenyeji wa pale, aliyepunguzwa kazi shirika la umma alilofanyia kazi lilipouzwa. Alinunua kompyuta mbili zilizokwisha kutumika, akavuta mtandao kwa waya wa simu, jenereta ikinguruma uani.

Mimi na yeye tulikuwa na ugonjwa mmoja: drafti. Kwenye mtandao tulicheza na watu tusiowajua. Ukishinda unaongezewa pointi, ukifungwa unapunguziwa, na orodha inaonyesha nani yuko juu ya nani.

Miezi ya kwanza tulikwenda sambamba. Halafu, ndani ya wiki mbili, akaniacha mbali. Nikashangaa, maana mchezo wake niliujua; tukicheza barazani kwa vizibo vya soda, leo ananifunga, kesho namfunga. Nikaanza kumchunguza. Kwenye orodha ya michezo yake kulikuwa na jina moja lililofungwa kila siku, mtu aliyetoa kete kama anagawa sadaka. Na mtu huyo aliingia tu saa ambazo kompyuta ya pili haikuwa na mteja.

Jumamosi moja mchana nikaingia bila hodi. Nilimkuta ameketi katikati ya kompyuta mbili, mkono huu huku, mkono ule kule.

"Shikamoo mzee. Unacheza na nani?"

"Marahaba mwalimu." Wala hakushtuka. "Nacheza na mimi mwenyewe."

"Sasa huo si wizi?"

"Wale wakali hawamkubali mtu wa pointi ndogo. Kila nikiwaomba mchezo wanakataa. Nataka nifike mlangoni kwao tu, wanifunge au niwafunge."

Sikumwamini hata kidogo. Nilijua atakaa kule juu awaringie wateja. Wiki nzima nilipekua orodha yake kama askari wa kizuizi cha barabarani anavyopekua mizigo.

Kumbe alisema kweli. Aliwaomba wakali mchezo, wakakubali, wakamchapa. Jumapili moja nilitoka kanisani nikakaa pembeni yake. Mtu wa nchi nisiyoijua akamla kete nne kwa mkupuo mmoja. Mzee akapiga paja kwa furaha.

"Umeona alivyonitega? Umeona?"

Pointi zake zikaporomoka siku baada ya siku, hadi zikatulia juu kidogo ya pale alipoanzia. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshampita, tena kwa haki.

"Mwalimu, mbona siku hizi huchezi?" akaniuliza.

"Nasahihisha mitihani."

Akanitazama vile vile nilivyokuwa nikimtazama yeye. "Tangu unipite hujacheza hata mchezo mmoja. Unafungua, unaangalia namba yako, unafunga."

Ndivyo ilivyokuwa. Niliogopa kuzipoteza pointi zile kuliko nilivyopenda drafti yenyewe.

Akanivutia kiti, akanitafutia mpinzani aliyenizidi. Nilishikilia hadi nikapata kingi, kisha nikafungwa. Namba ikashuka mbele ya macho yetu sote wawili. Niliona aibu, na hasira pia, lakini nikasogeza kiti karibu zaidi na kompyuta.

"Mwombe tena," nikamwambia.