Taya la Mama Limenyooshwa

Bustani nzima ilikuwa inapiga makofi, mwanangu akaipapasa sanamu ya shaba, akanivuta shati.

"Baba, huyu ni nani?"

Huyo alikuwa bibi yake. Na sanamu hiyo kaifinyanga yeye mwenyewe!

Binti yangu huyu, Hsin-ju, haoni tangu kuzaliwa. Mama yangu, aliyemlea, alipofariki, sisi tulibaki na picha ukutani. Yeye alibaki na vidole vyake. Akachukua udongo shuleni, akamtoa bibi vilevile, na taya lake lililopinda.

Taya hilo lilivunjwa kwa kitako cha bunduki, enzi za sheria ya kijeshi hapa Taiwan, siku mama alipokwenda kuuliza kaka yake kapelekwa wapi. Kaingia kaburini hajajibiwa. Shule sikumaliza, lakini hilo silisahau.

Basi sanamu ikachaguliwa ikuzwe kwa shaba, isimame bustanini kwenye maonyesho ya "Sanaa ni Elimu". Tukafurahi kama mazuzu.

Sasa, makofi yale yakiendelea, naipapasa ile shaba. Taya limenyooka kama la mtangazaji wa televisheni!

Nikamvaa Bwana Liao, msimamizi wa maonyesho.

"Mmemfanya nini mama yangu?"

"Kaka, punguza sauti, kuna waandishi. Tumemrekebisha kidogo tu. Watoto wangeogopa."

"Waogope! Si ndiyo elimu yenyewe?"

"Usituletee siasa bustanini, kaka."

"Basi nipe ile ya udongo."

Akamtazama fundi wake. Fundi ndiye akajibu.

"Ya udongo haibaki, mzee. Ukishatoa kalibu ya kumiminia shaba, inabomoka. Tulitupa."

Nifanye nini? Nimpige?

Nikaenda na bango mlangoni mwa ofisi yao, nikapayuka mpaka koo likakauka. Wakaniletea chai. Chai!

Na kila wiki shule inawapeleka watoto palepale, somo la sanaa. Mwalimu anaushika mkono wa Hsin-ju, anauweka kwenye shaba. "Jifunze, binti."

Juzi nikamnunulia udongo mpya. Akafinyanga, ulimi nje, jasho linamtoka.

"Baba, mguse. Ndiye?"

Nikagusa. Pua yake. Paji lake. Taya... limenyooka.

Vidole vyake vilishafundishwa.

"Ndiye, mwanangu," nikasema.

Ndugu zangu, wakubwa wakiisifia kazi ya mtoto wako, ile ya kwanza usiitoe mkononi. Msasa wao ukimaliza sanamu, unahamia kwenye kumbukumbu.