Salama Kwanza, Kuwashwa Baadaye

Miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika Kimamba, nilinunua koti la sufu nikalivaa katika joto lile lile linalokausha mkonge. Niliamini mwandishi lazima awe na koti. Kitabu sikuwa nacho bado. Nilichokuwa nacho ni koti, na shangazi mwenye saratani.

Mimi ndiye niliyemsindikiza Dar kutiwa dawa kwa dripu. Mara ya kwanza nilikaa kando ya kitanda nikilitafutia jina tone la dawa: lulu? Chozi la mbingu? Muuguzi akapita.

“Shikamoo mama. Unajisikiaje?”

“Marahaba mwanangu. Salama tu.”

Midomo ya shangazi ilikuwa imeshavimba. Muuguzi alifunga dripu haraka, akamchoma sindano. Mimi nilikuwa bado kwenye lulu.

Baadaye alitueleza kwamba safari ijayo shangazi atameza kwanza vidonge vya kuzuia mzio, na dripu itaanza polepole. Lakini akiwashwa au koo likibana, aseme papo hapo. Akichelewa, anaweza kukosa pumzi kabisa.

Hapo ndipo penye kazi. Kwetu hata mwenye msiba huanza na salama, habari zenyewe zikafuata. Nikaamua kumfundisha. Jioni, uani, nilivaa koti nikajifanya muuguzi.

“Shikamoo mama. Unajisikiaje?”

“Marahaba. Salama.”

“Shangazi, unawashwa!”

“Sasa mtoto wa watu ananisalimia, mimi nimrushie kuwashwa? Kanikosea nini?”

“Sema tu: nawashwa!”

“Anayewashwa ni wewe na hilo blanketi lako, bwana mwandishi.”

Kweli nilikuwa najikuna. Nikabadili mbinu, nikamsomea maneno niliyoyatunga kuhusu pumzi, ndege mweupe aliyejenga kiota kifuani. Alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akauliza kama ndege huyo analiwa.

Siku ya dripu ya pili alimeza vidonge kama alivyoagizwa. Koti nililiacha nyumbani. Nilimkodolea macho midomo mpaka akaniambia nitazame pengine. Mara daktari mkuu akaingia, mzee wa mvi, anayemzidi shangazi umri. Shikamoo zikaanza kitanda cha kwanza, zikaja upande wetu. Nikajua tumekwisha. Kwa mzee kama yule, shangazi angesalimu hata akiwa hana pumzi.

“Nawashwa!” akapaza sauti. “Koo linabana! Fungeni!”

Muuguzi akafunga dripu, akamchoma sindano, na safari hii midomo ilibaki vilevile. Alipotulia, dripu ikafunguliwa tena, taratibu sana, na dawa ikaingia hadi tone la mwisho, ambalo sikulitafutia jina.

Daktari alipokuja kumwangalia, shangazi alijiinua kitandani.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Unajisikiaje?”

“Salama,” akasema, kisha akanigeukia. “Hii sasa ya kweli.”