Pamba Imetoka Shambani

Mwaka ule vita vya Maji Maji vilipolipuka nilikuwa karani wa akida, upande wa Kibiti. Akida aliwekwa na Wajerumani atutawale kwa niaba yao, na mimi niliwekwa nimwandikie. Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu, na boma, yaani ofisi ya Wajerumani, lilitaka za Kizungu. Kwa hiyo kila wiki alinikalisha mkekani barazani pake, akafumba macho, akasema, nami nikaandika.

Hakupenda neno lililonyooka. Aliamini taarifa ya serikali ikieleweka mara moja, mwandishi ataonekana hana elimu. Taarifa yangu ya kwanza ilisema: "Hali ya nchi inaendelea kuwa katika hali yake." Jibu la boma lililetwa na tarishi, maneno mawili tu: "Hali gani?" Akida alifikiri mpaka kahawa ikapoa, kisha akasema niandike, "Hali iliyotajwa hapo awali." Nikaandika. Nilikuwa na kofia nyekundu na kalamu ya chuma, na watu walinipisha njiani. Sikuona sababu ya kubishana.

Asubuhi moja tukakuta shamba la pamba la serikali limeng'olewa lote. Watu walikuwa wamelilima kwa kuchapwa viboko. Sasa kutoka vilima vya Umatumbi zilikuwa zimeshuka habari za maji ya dawa, kwamba ukiyanywa risasi ya Mjerumani haikudhuru, na kwamba huko wameanza kwa kung'oa pamba. Wa kwetu hawakutaka kuachwa nyuma. Miche ililala mistari kwa mistari, mizizi juu, kwa unadhifu ambao hawakuuonyesha hata siku moja wakati wa kupanda.

Akida alilitazama shamba, akapiga hesabu. Akiwataja watu kwa boma, watu watamuua. Asipowataja, boma litamnyonga.

"Andika," akasema. "Pamba yote imekwisha kutoka shambani."

"Bwana akida, watadhani imevunwa."

"Nimesema imevunwa?"

"Hukusema."

"Basi kuna uongo hapo?"

"Hakuna."

"Funga bahasha."

Hazikupita wiki mbili, akaja askari mwenye cheo cha ombasha na wenzake wanne, na nyuma yao wapagazi ishirini wenye magunia matupu. Akida aliwaona kwa mbali wakishuka, akakimbilia bondeni. Huko kulikuwa na dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe na nyani. Dungu lile lilikuwa la bibi mmoja mjane. Bibi alikuwa chini anavunja mahindi, akamwona mtu mzima mwenye joho anapanda ngazi yake bila hata kubisha hodi. Aliiondoa ngazi, akaendelea na mahindi yake.

Ombasha akanikuta mimi barazani. "Akida yuko wapi?"

Nilikwisha kuzoea vibaya maneno ya akida. "Yuko juu, anaangalia hali."

"Juu wapi?"

Ikabidi nimpeleke. Tulipofika, kilemba cha akida kilikuwa kinatokeza kwenye makuti ya dungu. Watu nao walikuwa wamekusanyika pembeni mwa shamba la bibi, wengi, na mapanga mikononi.

"Nchi nzima ina fujo," ombasha akasema, "kwenu tu pamba imevunwa. Bwana mkubwa alifurahi sana, alitusomea barua yenu mara tatu." Akaikariri neno kwa neno. "Haya. Imetoka shambani, ikaenda wapi?"

Bibi ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa.

"Haikwenda popote, baba. Iko palepale, imelala."

Ombasha aliwatazama askari wake wanne, akayatazama yale mapanga, akaguna. Hakuwa mjinga.

"Karani, andika nyingine. Na hii niielewe mimi kwanza, maana nikirudi na magunia matupu bila maelezo, kiboko ni changu."

Nikakaa chini, karatasi gotini, nikaandika huku nikisoma kila sentensi kwa sauti. "Magunia yamerudi matupu kwa sababu pamba hakuna."

"Vizuri," ombasha akasema.

"Andika hatukuitaka tangu mwanzo," bibi akasema.

Nikamtazama ombasha. Akatikisa kichwa kukubali.

"Na andika huyu aliyeko juu ya dungu langu hakubisha hodi."

"Usiandike hilo!" ikatoka sauti ndani ya makuti.

"Andika!" wakasema watu kumi kwa pamoja.

Nikaandika. Kisha nikauliza, kwa kuwa taarifa lazima iseme, "Nani aliing'oa?"

Mtu mmoja akasema, "Sisi."

"Sisi nani?"

"Wewe andika sisi."

Nikaandika: "Walioing'oa pamba ni sisi." Nikatia jina langu chini kama ilivyo desturi, nikafunga bahasha, ombasha akaondoka nayo haraka. Alipokwisha kutoweka njiani ndipo nilipogundua kwamba neno "sisi" liko juu ya jina la mtu mmoja tu, nami ndiye.

Siku ileile nilivua kofia nyekundu, nikashuka delta, huko mto unakoingia baharini, kwa wajomba zangu. Nilikata boriti za mikoko hadi vita vikaisha, nikishtuka kwa hofu ya askari kila niliposikia ngalawa inakuja. Akida aliteremshwa jioni kwa kamba, akaenda zake pwani, na nilisikia huko anasimulia alivyokuwa akilinda nchi kutoka mnarani.

Niliporudi, hakuna aliyeuliza tena habari ya barua ile; maghala yalikuwa yamechomwa na askari, na watu walikuwa wanachimba mizizi porini. Yule bibi sikumkuta. Njaa ilikuwa imemchukua kabla sijafika. Nilikaa kwenye shamba lake nikalia, kwa sababu katika taarifa zote nilizoandika, iliyosema kweli tupu ilikuwa ya mdomo wake.

Akida mpya alikuwa anatafuta karani. Akaniuliza kama ninajua kuandika taarifa.

"Ninajua," nikasema, "ila kwanza huwa naisoma kwa sauti mbele ya watu."

Akanishukuru sana kwa kuja. Msimu huo nikalima mpunga.