Ashatu Aliyetaka Kufunga

Ashatu binti Kitwana ni fundi cherehani hapa Bagamoyo. Kibaraza chake cha kushonea kinatazamana na kibanda cha gemu cha Yahya, na kwa miaka minne alishona magauni ya watu huku akisikiliza vijana upande wa pili wa njia wakipigia kelele mabao ya kwenye televisheni. Alifika mahali akajua nani kafungwa kwa kusikia sauti tu. Ana miaka thelathini na sita, aliachika mapema, anaishi na mama yake, na watu wa mtaa walimjua kama mwanamke wa kazi na nyumbani basi.

Siku moja ya mvua mteja wake alichelewa. Ashatu akavuka njia, akaingia kwa Yahya, akasalimia, akasema na yeye anataka kucheza mechi moja. Vijana walidhani anatania. Kibwana, dereva wa bodaboda ambaye ndiye aliyekuwa akiwafunga wote mle ndani, akampa pedi ya kuchezea huku anacheka. Ashatu hakujua kitufe kipi ni cha pasi na kipi cha shuti. Akafungwa tisa bila. Bao la sita lilipoingia, Kibwana aliweka pedi mapajani, akawa anacheza kwa mkono mmoja na wa pili anakula muhogo wa kukaanga.

"Da Ashatu," alisema walipomaliza, "rudi tu kwenye cherehani. Huku si kwenu."

Ashatu akamrudishia pedi, akashukuru, akaenda kumalizia kola aliyoiacha. Aliishona kola ile mara mbili, maana mara ya kwanza aliiweka ndani nje.

Asubuhi iliyofuata alimfuata Yahya kabla vijana hawajafika. Alimwambia atamshonea mapazia ya kibanda na mito ya mabenchi, naye amwachie televisheni moja saa nzima kila asubuhi. Yahya akamuuliza mtu mzima kama yeye anataka nini kwenye gemu.

"Nataka kufunga," Ashatu akajibu.

Yahya alikuwa mvivu wa mambo mengi, lakini kuona kosa la mchezaji hakumshindi. Wiki ya kwanza alimtazama Ashatu akicheza na mashine, akamwambia tatizo lake ni kukimbia. Kitufe cha mbio hakukiachia hata mara moja, kwa hiyo mpira ulikuwa ukimtangulia na kumpotea. Akamkataza kukigusa kwa siku kumi. Halafu akamwambia aache kumrukia kila mwenye mpira. Beki asimame njiani, angoje. Hilo lilimchukua Ashatu mwezi mzima, maana vidole vilikuwa na pupa kuliko kichwa. Alichagua timu dhaifu makusudi, yenye washambuliaji wazito, ili asipate wa kumbeba. Kila alipofungwa alirudisha picha nyuma, akaangalia beki wake alikuwa wapi. Kuna asubuhi alifungwa saba na mashine, akatoka nje, akanawa uso, akarudi.

Habari zilifika Fukayosi kwa kaka yake, Muharami. Alikuja siku ya Ijumaa baada ya swala, akakaa barazani, akamweleza kwa upole kwamba watu wanasema. Mwanamke wa heshima haketi benchi moja na wavulana kushindania mpira wa kwenye kioo, na mama yao hastahili kusikia maneno ya mtaani uzeeni.

Ashatu alimtilia chai kwanza. Kisha akasema, "Kaka, nimekaa na sindano miaka kumi na tisa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuja kuniuliza kama nimechoka. Leo nimepata kitu nakipenda, wote wana la kusema. Nakuheshimu, lakini siachi."

Muharami akanywa chai, akaaga. Hakurudi kulizungumza tena, wala hakusema amekubali.

Idi ilipokaribia, Ashatu hakugusa pedi kwa wiki mbili, kwa wingi wa nguo za sikukuu. Idi pili Yahya aliandaa ligi ya watu kumi na sita, ukifungwa unatoka. Ashatu alikwenda amejifunga leso yake mpya, jina lake likiwa la sita kwenye karatasi ukutani. Kibwana alipoliona akasema yeye hachezi ligi ya akina mama, na wenzake wanne wakamuunga mkono. Yahya alitahayari. Akamsogelea Ashatu na kumwomba kwa sauti ya chini apishe, watapanga siku nyingine.

"Jina langu umeliandika wewe mwenyewe," Ashatu akamwambia, na sauti yake haikuwa ya chini. "Mimi siinuki. Anayeogopa kucheza na mimi atoke yeye."

Kijana mmoja mwembamba mwenye miwani, Abdulazizi, akasema yeye ametoka Kerege kuja kucheza, hakuja kusikiliza mabishano. Kibwana akaona akiondoka itasemwa ameogopa. Akabaki.

Ashatu alishinda mechi mbili za kwanza kwa bao moja moja, mechi zisizopendeza kutazama. Nusu fainali akakutana na Kibwana. Kibwana alikuja na winga wake mwenye mbio, akashambulia kulia, akashambulia kushoto, na kila alipofika alikuta beki amesimama anamngoja. Dakika ya sabini uvumilivu ukamwisha, akapandisha mabeki wote mbele. Ashatu akaunasa mpira, akapiga pasi tatu, na yule mshambuliaji wake mzito akabaki na kipa peke yake. Moja bila, mpaka filimbi.

Kibwana akasema pedi yake mbovu. Ashatu akamnyooshea ya kwake, akaichukua ile aliyoisema mbovu.

"Haya, tucheze tena."

Kibwana aliitazama ile pedi, hakuipokea. Alitoka nje kuwasha pikipiki, na waliomuunga mkono asubuhi hawakumfuata.

Fainali Ashatu alifungwa na Abdulazizi, nne kwa moja, na alistahili kufungwa. Watu wakampa pole. Hakuitaka. Alimwomba Abdulazizi amwonyeshe alivyofunga lile bao la tatu, na yule kijana akamwonyesha mara tano mpaka adhana ya alasiri ikawainua wote.

Mwezi uliofuata kulikuwa na ligi Kerege. Jumamosi hiyo Ashatu alifunga kibaraza, akaenda. Mlangoni mtu mmoja akamwambia watazamaji wanawake wamewekewa viti nje, kivulini. Ashatu akamsalimia vizuri, akampita, akaingia.